Mvumo Uliobaki

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo mchana, ya kwanza ya maana msimu huu, na imenikuta nimeanika mapazia ya watu uani. Nimeyakimbilia moja moja kama mwendawazimu.

Ninaandika kwa sababu mdogo wangu amenishauri. Anasema mimi huamua jambo, nikalisahau, kisha nikaamua tena upya kinyume chake. "Andika, dada, tuwe na ushahidi." Haya, nimeandika.

Jambo lenyewe ni gitaa langu. Mchana nashona mapazia hapa nyumbani, na Jumamosi jioni napiga gitaa la umeme kwenye ukumbi wa sherehe ule wa karibu na kituo cha mafuta. Bendi yetu ni ndogo. Mdogo wangu anaimba, mpiga besi hasemi kitu, na kwenye ngoma yuko Radi, ambaye alipata jina hilo kwa haki kabisa. Wiki mbili sasa gitaa langu linavuma. Si mlio wa nyuzi, ni mvumo wa chini, *mmmm*, kama nyuki waliofungiwa ndani ya kopo. Juzi mama mwenye ukumbi alinifuata baada ya onyesho, akasema kwa ule upole wake unaotisha, "Mwanangu, huyo mdudu umemleta wewe au ulimkuta hapa?"

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Mapazia hayakauki. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa fundi wa magitaa, nyuma ya duka la viatu. Ameliweka gitaa langu mapajani kama mtoto mwenye homa, akagonga kwa ukucha kile kipande kilicho chini ya nyuzi.

"Mchawi wako huyu hapa."

Kipande hicho tunakiita pikapu. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, nayo ndiyo inayosikiliza nyuzi na kupeleka habari kwenye spika. Zangu ni za koili moja, yaani msokoto mmoja wa waya. Sauti yake ni nyembamba na ng'avu, kila uzi unausikia peke yake, lakini ubaya wake inanasa na takataka zote za umeme zilizomo chumbani: taa, friji, feni, vyote. Aina ya pili ina koili mbili zilizozungushwa kinyume, na uchafu unaoingia kwenye moja unafutwa na mwenzake. Mafundi wanaiita hambaka. Fundi alichukua gitaa lake mwenyewe lenye hambaka akanipigia. Sauti ikatoka nene, ya mviringo, na alipoacha kupiga kulikuwa kimya kabisa. Kimya kama cha maktaba.

"Unaona? Hakuna mdudu."

Nimeona. Lakini nimeona pia kwamba lile gitaa linaongea kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Nimemwambia nitafikiria.

Jumapili, 9 Machi

Jana mvua ilinyesha tangu mchana na ukumbi ulikuwa nusu. Mvumo ulikuja, ukaondoka, ukarudi. Katikati ya wimbo wa taratibu nilisogeza mdomo kwenye maiki niitikie, nikahisi kitu kinaning'ata midomo, kidogo tu, kama siafu. Baadaye mdogo wangu alifanya ule mchezo wake wa wimbo wa mwisho. Huja na maiki mkononi, ananiegemea begani, na kwa mkono wa pili anachapa nyuzi za gitaa langu watu wacheke. Jana aliuondoa mkono haraka akaupepea.

"Gitaa lako limeota meno, dada."

Watu walicheka zaidi. Hata mimi.

Tulipokuwa tunafunga vyombo Radi alisema, bila kunitazama, kwamba mpigaji hodari hupiga hata ubao, na wengine hutafuta vifaa vya kulaumu. Nimepiga na huyu mtu miaka sasa na sijawahi kumsikia akimsifu kiumbe hai.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mwenye ukumbi ameniita ofisini kwake. Tarehe tano Aprili kuna sherehe ya kumuaga mwalimu mkuu anayestaafu, wageni wazito, hotuba nyingi. "Siwezi kuwa na mtu anahutubia, nyuma yake kuna nyuki." Kama gitaa halitanyamaza, ataleta mtu wa kupiga muziki wa kwenye mashine, na akishamleta hatakuwa na haja ya kumrudisha kwao. Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniaga vizuri, akanipa na mwavuli wake kwa sababu wangu ulikuwa umevunjika.

Nilitembea na mwavuli wake nikimchukia.

Nikamwaza wifi yangu, mke wa mdogo wangu, ambaye tumbo limeshafika mahali ambapo hawezi kujifunga viatu. Mdogo wangu hana kazi nyingine msimu huu zaidi ya ukumbi ule. Kwa hiyo si gitaa peke yake.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamua: sibadilishi. Sauti yangu ni sauti yangu.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamua: nabadilisha. Jana gitaa lilivuma mpaka mpiga besi alizungumza. Alisema, "Duh."

Jumanne, 18 Machi

Kazi imefanyika. Nimekaa kwenye kibanda cha fundi nikitazama anavyoyeyusha risasi ya kuunganishia nyaya kwa chuma cha moto na kuzing'oa pikapu zangu mbili kama meno. Amezifunga kwenye kitambaa akanipa. Akaweka hambaka mbili, zimebanana pale kwenye mbao aliyoichonga upya, akanyoosha nyaya, akafunga skrubu. Tulipowasha, kimya. Ametabasamu kama mkunga.

Nyumbani nimepiga hadi vidole vikauma. Sauti ni nzuri, nakubali. Imeshiba, inabembeleza. Ila nimepiga ule mwanzo wa wimbo wetu wa kwanza, ule ninaocheza nyuzi za juu haraka haraka, na badala ya mvua ya mawe juu ya bati nimesikia mvua juu ya blanketi.

Wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mashine ya kushonea, amenyoosha miguu. Nikamuuliza, "Unaonaje?"

"Ni tamu," akasema. Kisha, kwa kuwa hajui kudanganya, "Ni kama wewe ukiwa na mafua."

Jumapili, 23 Machi

Jana gitaa lilivuma.

Nimeiandika sentensi hiyo na bado siiamini. Gitaa lenye koili mbili, lililokuwa kimya kibandani na kimya nyumbani kwangu, lilivuma ukumbini *mmmm* vilevile, na mama mwenye ukumbi alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono.

Jumatatu, 24 Machi

Nimempelekea fundi. Amekasirika kabla sijamaliza kueleza. Amelifungua mbele yangu, akapima kila waya, akaliwasha: kimya. Akaniwekea gitaa mikononi. "Kazi yangu ni safi. Tafuta kwingine." Nimeudhika, lakini njiani nimekiri moyoni kwamba alikuwa na haki.

Kwa hiyo nimekaa na mapazia yangu nikifikiri polepole. Mvumo wa koili moja una tabia. Ukigeuka na gitaa, ukalielekeza kwingine, unapungua au unazidi. Nyumbani nilikuwa nimezoea kukaa nimeipa friji mgongo. Ule wa ukumbini nimezunguka nao kama pia ya watoto na haukubadilika hata kidogo. Na hambaka, ambayo kazi yake ni kuufuta mvumo unaonaswa na pikapu, haikuufuta huu.

Basi huu haukupita kwenye pikapu. Unaingilia mlango mwingine.

Ijumaa, 28 Machi

Nimekwenda ukumbini asubuhi, peke yangu na gitaa. Kulikuwa na mfagiaji tu. Nimechomeka spika yangu kwenye soketi ya jukwaani, nikawasha. Kimya. Nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa nikijiona mjinga, mvua inapiga madirisha, mfagiaji anasogeza viti. Kisha, bila mtu kugusa kitu, *mmmm*.

Nimesimama nikatega sikio. Nyuma ya jukwaa kuna chumba cha vinywaji, na ndani yake friza kubwa ya zamani. Mashine yake ndiyo kwanza ilikuwa imejiwasha, inatetemeka. Nikasubiri. Ilipojizima, mvumo nao ukazimika. Nikasubiri tena, ikajiwasha, mvumo ukarudi. Nimefanya hivyo mara nyingi mpaka mfagiaji akaniuliza kama naumwa.

Nimemfuata mama mwenye ukumbi. Alikuwa anapokea maua ya plastiki. Amenisikiliza, lazima niseme, mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni friza."

"Ndiyo, mama. Aitwe fundi umeme aitazame."

"Nitamwita baada ya tarehe tano. Siku yenyewe nitaizima tukianza, nitaweka barafu kwenye ndoo. Si inatosha?"

Nilisema inatosha. Niliondoka mwepesi kama karatasi. Nilidhani nimemaliza.

Jumamosi, 29 Machi

Friza ilizimwa. Hakuna mvumo. Radi alisema, "Hm." Kwa Radi hiyo ni hotuba.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua, mvua. Paa la ukumbi linavuja upande wa jukwaa, mdogo wangu amesema. Wameweka ndoo.

Jumapili, 6 Aprili, asubuhi

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Sherehe ilianza alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka ukutani. Mwalimu mkuu mwenyewe ni mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, na nusu ya waliokuwa humo aliwafundisha, kwa hiyo kila mtu alikaa wima. Wifi alikuja pia, mdogo wangu alimwekea kiti karibu na jukwaa. Hotuba zilipita bila nyuki hata mmoja. Tulipiga nyimbo kama nne na watu wakainuka kucheza. Mama mwenye ukumbi alinipungia mkono kutoka mlangoni, nami nikampungia.

Zulia la jukwaa lilikuwa limelowa. Maji yalikuwa yanatoka pembeni mwa ndoo yakatambaa hadi miguuni kwetu, na viatu vyangu vya kitambaa vilishaloa. Sikulijali hilo. Kisha mvumo ukaanza. Nikajua mara moja: mtu ameiwasha friza. Joto la watu wale wote, vinywaji vimepata joto, mhudumu ameona swichi imezimwa akaiwasha. Nikasogea kwenye maiki niitikie kiitikio, na nilipoigusa kwa mdomo nilipigwa.

Haikuwa siafu. Ilikuwa kama kofi la mtu mzima. Meno yaligongana, macho yakajaa nyota, nikarudi nyuma nikiwa nimeshika nyuzi bado. Watu hawakuona, walidhani nacheza. Na hapo ndipo mambo yote yalipojipanga kichwani mwangu, kwa haraka ambayo sijui ilitoka wapi. Friza inapowaka, gitaa langu linakuwa na umeme. Maiki haina, maana inatoka kwenye mitambo iliyochomekwa upande wa pili wa ukumbi. Mtu akiwa katikati ya viwili hivyo, umeme unapita ndani yake. Mimi nilikuwa nimegusa kwa ncha ya mdomo tu.

Nikainua macho. Mdogo wangu alikuwa anakuja. Ulikuwa wimbo wa mwisho, maiki ya chuma ameikumbatia kiganjani, mkono wa pili ameshaunyoosha kuja kuchapa nyuzi, anacheka, viatu vyake vinachapa maji.

Nilirudi nyuma nikapiga kelele, "Usiniguse." Hakusikia, muziki ulikuwa juu. Akadhani ni mchezo, akaongeza mwendo. Nikang'oa mkanda begani na kulitupa gitaa langu chini, nikamsukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Alikaa chini mbele ya watu mia na zaidi. Gitaa lilipotua lilitoa sauti mbaya sana, kisha Radi akaacha kupiga.

Nikasimama katikati ya mdogo wangu na gitaa.

"Zima kila kitu," nikasema. "Jukwaa lina umeme."

Mama mwenye ukumbi alifika akiwa na tabasamu kwa ajili ya wageni na macho makali kwa ajili yangu. Akasema kwa sauti ya chini tumalizie wimbo, umebaki mmoja, tutaongea kesho. Nikamwambia hapana. Akasema anaizima friza sasa hivi, tupige. Nikasema sijui tena ni friza tu au ni nini, na simrudishi ndugu yangu pale. Akaniambia nikishuka jukwaani nisirudi. Mdogo wangu, bado amekaa kwenye maji, aliona haya, akaninong'oneza, "Dada, ni wimbo mmoja."

Hapo Radi aliinuka. Aliweka fimbo zake juu ya ngoma, moja sambamba na nyingine, akaja kusimama kando yangu. "Huyu akisema hakupigwi, hakupigwi," alimwambia mama. "Mimi sijamwona akiogopa kitu miaka yote hii. Leo anatetemeka."

Mpiga besi naye akachomoa waya wake.

Swichi kuu ilizimwa. Kulikuwa bado na mwanga wa jioni madirishani. Mwalimu mkuu aliinuka kwenye kiti chake, akarekebisha miwani, akauliza kwa ile sauti ya darasani kama mwimbaji anaweza kuimba bila mashine. Mdogo wangu akasema anaweza. Akashuka jukwaani, suruali imelowa nyuma, akasimama katikati ya meza akaimba. Radi alipiga kiti cha mbao kwa viganja, taratibu, sijawahi kumsikia akipiga taratibu. Watu wakaitikia. Mimi nilikaa sakafuni karibu na wifi, nikaweka kichwa kwenye goti lake, naye akaniuliza nini hasa kimetokea, na nikamwambia sijui bado, labda hakuna kitu. Labda nimemwaibisha mumeo bure.

Hilo ndilo linalonitafuna asubuhi hii. Labda bure.

Jumatatu, 7 Aprili

Si bure.

Mama mwenye ukumbi alinipigia simu mwenyewe, akasema fundi umeme amekuja na anataka kuniona. Nikafika nimejiandaa kugombana. Fundi huyo, kijana mchangamfu anayeimbaimba akifanya kazi, aliniomba nichomeke gitaa kama siku ile. Akaiwasha friza. Akachukua balbu ya kawaida yenye nyaya mbili, waya mmoja akaugusisha kwenye nyuzi za gitaa langu, wa pili kwenye maiki.

Balbu ikawaka. Si kwa kufifia. Iliwaka kama balbu ya sebuleni.

Friza ikajizima, balbu ikazimika. Ikajiwasha, balbu ikawaka. Fundi aliacha kuimba.

Alitueleza tukiwa tumesimama nje mvuani, mbele ya mtaro mpya uliochimbwa mwezi wa pili kandokando ya ukuta. Wachimbaji walikuwa wamekata waya unaopeleka umeme uliopotea ardhini, wakaufukia. Mashine ya friza imechakaa, inavujisha umeme kwenye bati lake. Kwa kuwa hauna pa kwenda, umeme huo ulikuwa unarudi kupitia soketi za jukwaani na kukaa kwenye vyombo vyetu, ukisubiri mtu wa kuupitisha.

"Na yule mwimbaji angegusa nyuzi amekamata maiki?" mama akauliza.

"Mkono ungekaza, mama. Asingeiachia."

Mama mwenye ukumbi aliketi juu ya rundo la matofali, kwenye mvua, na nguo yake nzuri. Alifunika mdomo. Nilikumbuka kwamba nimemchukia mwezi mzima. Nikaketi naye. Akasema, "Mhudumu aliniuliza kama aiwashe. Nilimwambia awashe, kidogo tu." Nilimshika mkono, na tulikaa hivyo mpaka fundi akatuambia tutapata homa.

Nilipomweleza mdogo wangu alicheka, kisha akaenda uani, akakaa huko muda mrefu.

Jumanne, 8 Aprili

Nimelala kama gogo. Mvua haikuniamsha.

Jumamosi, 19 Aprili

Ukumbi umefungwa, unatandazwa nyaya upya. Mama ametuma ujumbe kwamba bendi ni yetu. Friza imeuzwa kama chuma chakavu.

Alhamisi, 24 Aprili

Mtoto amezaliwa, msichana, mzima, mama yake mzima. Radi amekuja hospitali na mfuko wa machungwa, akamtazama mtoto, akasema, "Ana mapafu huyu." Tumesifiwa.

Jumatatu, 28 Aprili

Kwa fundi wa magitaa tena. Gitaa lilipata ufa kwenye shingo lilipoanguka, ameliunganisha. Akaniuliza aziache hambaka au arudishe zangu. Alikuwa ameshasikia habari zote, mji mzima umesikia.

"Mimi nilikuambia ni pikapu," akasema. "Nilikosea."

"Hukukosea. Zilikuwa zinavuma kweli. Ila ule wa friza ulikuwa mkubwa ukaufunika wa pikapu."

Tumejaribu kila namna bila haraka, tukinywa chai yake. Hambaka ni pikapu nzuri. Ningekuwa napiga nyimbo nzito ningeziacha pale. Nimepiga ule mwanzo wa nyuzi za juu kwa hizi, kisha akaunganisha moja ya koili moja kwa muda, bila skrubu, nikapiga tena. Mimi na yeye tulitazamana.

"Rudisha," nikasema. "Zote mbili."

"Zitavuma kidogo."

"Najua."

Mara hii sijaandika ili nisisahau. Nimeandika kwa sababu nimefurahi.

Jumapili, 4 Mei

Mvua imepungua, jana ilinyesha rasharasha tu. Ukumbi unanuka rangi mpya. Kabla hatujaanza fundi umeme alipita jukwaani na balbu yake, kutoka gitaa hadi maiki, kutoka maiki hadi kwenye besi, na balbu haikuwaka popote. Mdogo wangu alimwomba arudie.

Tulipiga. Nyuzi za juu zilitoka kali na safi, kila moja na mahali pake, na nikahisi mabega yangu yanashuka kutoka mahali yalipokuwa tangu Machi. Wifi alikuwa nyumbani na mtoto. Tulimpigia simu tukaiweka juu ya kiti asikilize.

Katikati ya wimbo wa pili na wa tatu tulinyamaza kidogo, mdogo wangu akinywa maji. Kwenye ule ukimya pikapu zangu zilisikika, mvumo mwembamba, wa mbali. Mama mwenye ukumbi alikuwa mlangoni. Nilimwona akiinua kichwa. Alipita katikati ya meza moja kwa moja hadi chini ya jukwaa, uso umemkauka.

"Mwanangu, huo ni nini?"

Niligeuka kidogo na gitaa, nikalielekeza mbali na taa. Mvumo ukafifia mpaka ukawa kama haupo. Nikageuka tena, ukarudi.

"Huu ni wa gitaa, mama," nikamwambia. "Huu ni wa gitaa tu."

Alisimama akisikiliza kwa muda, mkono ameuweka kwenye ukingo wa jukwaa. Kisha akavuta kiti cha karibu, akaketi.